Safari za baiskeli kwenye maziwa na vilima zitangazwe pamoja na mita za kupanda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo, kwa maoni yangu, linawatesa waendesha baiskeli wengi bila sababu. Kila inapotangazwa safari ya siku moja ya baiskeli katika nchi ya maziwa na vilima, iwe gazetini au kwenye mabango ya waandaaji, umbali hutajwa kwa kilomita na habari huishia hapo. Msomaji huambiwa kuwa safari ni ya kilomita 95 au 100, hupima uwezo wake kwa yale aliyozoea kuyafanya kwenye barabara tambarare, hulipa ada ya kushiriki, na saa nane mchana hujikuta ameketi kando ya barabara, misuli imemkaza na maji yamemwishia, huku sehemu ngumu ya safari ikiwa bado mbele yake. Kuhusu umbali aliambiwa kweli. Alichonyimwa ni kipimo cha pili, ambacho katika nchi ya namna hiyo kina uzito kuliko cha kwanza: mita za kupanda, yaani jumla ya kimo chote anachokipanda mwendeshaji tangu anapoanza hadi anapomaliza, kila kilima kikijumlishwa na kilichotangulia, bila kutoa zile mita anazoteremka.

Mfano nitakaoutumia ni barabara ya Rwanda inayopita mashariki mwa Ziwa Kivu, kutoka Rubavu kaskazini, kupitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke, hadi Rusizi kusini. Nimeichagua kwa sababu naipenda kuliko barabara nyingine yoyote niliyowahi kuipita kwa baiskeli, na pia kwa sababu wasomaji wengi wameanza kuitamani Rwanda tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, yakiwa ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Barabara yenyewe ni ya lami. Kipande cha Rubavu hadi Karongi, ambacho mashindano ya Tour du Rwanda yamekitumia kama hatua ya siku moja, kina takriban kilomita 95, na mtu aliyezoea kwenda kilomita 25 kwa saa atajiambia kwamba atakimaliza kabla ya chakula cha mchana. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama barabara ingeambaa na maji, na ukiitazama ramani ya kawaida, isiyoonyesha miinuko, unaweza kuamini kwamba ndivyo inavyofanya.

Haifanyi hivyo, na sababu yake iko katika historia ya ziwa lenyewe. Ziwa Kivu lilipata umbo tunaloliona leo pale volkano za Virunga zilipomwaga lava na kuziba njia ambayo maji ya bonde hilo yalikuwa yakiifuata kuelekea kaskazini. Maji yalipanda, yakafunika sehemu za chini za mabonde ya mito, na hatimaye yakatokea upande wa kusini, ambako leo Mto Ruzizi unayapeleka Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo ukingo wa mashariki hauna ufuko mrefu ulionyooka ambao wajenzi wa barabara wangeweza kuufuata. Una hori baada ya hori na rasi baada ya rasi, na nyuma yake imesimama safu ya milima inayotenganisha maji yanayokwenda Mto Kongo na yale yanayokwenda Mto Nile, safu ambayo katika sehemu zake nyingi hupita mita 2,500, ilhali uso wa ziwa uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Vijito hushuka kutoka safu hiyo kuingia ziwani, nayo barabara huelekea kaskazini na kusini, hivyo inavikata vijito vyote pamoja na migongo yote iliyo katikati yake. Kila mgongo ni mpando na kila kijito ni mteremko, na mpando mwingine huanza pale pale darajani.

Ipo sehemu moja ambako mwendeshaji anayetoka Rubavu hufika kwenye kona iliyo juu ya hori nyembamba na kuiona barabara atakayoipita, ng'ambo ya maji, ikiwa imekatwa kwenye kilima kinachomwelekea. Ni karibu kiasi kwamba anaweza kuhesabu mikaratusi iliyopandwa kandokando yake na kutambua rangi ya nguo za watu wanaotembea. Ndege angeruka hapo kwa dakika moja. Yeye lazima ateremke hadi kwenye kichwa cha hori, avuke kijito, kisha apande tena hadi kwenye kimo kile kile alichokuwa nacho, na akishafika aone hori nyingine mbele yake. Hakuna hata kimoja kati ya vilima hivyo kinachotisha kikitazamwa peke yake. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na mita 80 hapa na mita 150 pale zinapokwisha kujumlishwa kutwa nzima, miguu huwa imebeba mlima ambao haumo katika ramani yoyote.

Wenyeji wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi tunaobeba vifaa vya GPS kwenye usukani. Kwenye mpando mmoja nilimkuta mzee akisukuma baiskeli yake ya chuma iliyopakiwa magunia ya viazi, akiegemea magunia hayo kwa bega huku mkono mmoja ukishika usukani na mwingine ukishika tandiko, naye hakuonyesha haraka yoyote. Nilimwamkia, nikamuuliza, "Mzee wangu, Karongi bado mbali?" Akanijibu kwa Kiswahili kizuri, "Imebaki milima mitatu, mwanangu, na huo wa mwisho ndio mrefu." Hakutaja kilomita hata moja. Jibu lake lilinifaa kuliko karatasi ya njia niliyokuwa nayo mfukoni, kwani niliweza kugawa maji yangu na nguvu zangu kwa milima mitatu, nikaweka akiba kwa ajili ya ule wa mwisho, na ukawa kweli mrefu.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya Kivu tu, nchi ya milima mikubwa. Napenda waitazame Lake District, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ambako maziwa yalichimbwa na barafu na vilima vyake ni vifupi mno vikilinganishwa na vya kwetu Afrika ya Mashariki. Njia ya juu kuliko zote inayopitika kwa gari huko, Kirkstone, iko mita 454 tu juu ya usawa wa bahari, na ile ya Hardknott, inayoogopwa kuliko zote, haifiki hata mita 400. Hata hivyo safari maarufu ya Fred Whitton Challenge, inayoziunganisha njia hizo na nyingine kama Honister, Newlands, Whinlatter na Wrynose katika siku moja ya kilomita 180 hivi, ina zaidi ya mita 3,000 za kupanda, na Hardknott humngoja mwendeshaji mwishoni, miguu ikiwa imechoka, kwa mwinamo unaofika asilimia 30 na zaidi, yaani mita 30 za kupanda kwa kila mita 100 za kwenda mbele. Mtu anayetazama urefu wa vilele atadharau safari hiyo, na anayetazama jumla ya mita za kupanda ataiheshimu. Kimo cha kilele hakituambii kitu kama hatujui ni mara ngapi barabara inakipanda na kukishuka.

Niruhusu, Mhariri, nionyeshe kwa hesabu nyepesi kwa nini nasisitiza namba hii. Tuchukue mwendeshaji ambaye yeye, baiskeli yake na mizigo yake wana uzito wa kilo 80 kwa pamoja. Kuuinua uzito huo mita 1,000 kunahitaji kilojuli 785 za kazi, hata kabla ya kuhesabu upepo na msuguano wa matairi. Akiwa anaweza kutoa wati 160 kwa muda mrefu, kiwango ambacho mtu mzima mwenye mazoezi ya kawaida anakimudu, kazi hiyo pekee itamchukua zaidi ya dakika 80. Kwa kuwa mwili hugeuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa mwendo na nyingine yote huwa joto, mita hizo 1,000 zitamgharimu karibu kilokalori 750. Safari ya kilomita 95 yenye mita 300 za kupanda na nyingine ya kilomita 95 yenye mita 2,000 zina jina moja kwenye tangazo, lakini ya pili inamdai saa mbili na zaidi za kupanda pamoja na chakula cha ziada ambacho hakukibeba. Wala mteremko haurudishi alichokitumia, maana sehemu kubwa yake hupotelea kwenye upepo na breki.

Namba hiyo hiyo humwambia mtu aje na baiskeli yenye gia gani, na hapa ndipo ninapoona watu wakiumia magoti. Mwenye gia ya mbele ya meno 34 na ya nyuma ya meno 34 husogea mita 2 na kidogo kwa kila mzunguko wa pedali. Kwenye mwinamo wa asilimia 10, akizungusha mara 60 kwa dakika, anakwenda kati ya kilomita 7 na 8 kwa saa na kutumia nguvu zisizozidi sana zile wati 160 nilizozitaja. Mwenzake aliyekuja na baiskeli ya mashindano ya zamani, meno 39 mbele na 25 nyuma, akiwa na nguvu hizo hizo, atazungusha pedali chini ya mara 40 kwa dakika, kila msukumo ukiwa kama kupanda ngazi na gunia mgongoni. Atajaribu kusimama juu ya pedali, ataweza kilima cha kwanza na cha pili, na cha sita kitamshinda. Fundi yeyote angeweza kumbadilishia gia ya nyuma siku moja kabla, laiti angejua anakwenda kukutana na nini.

Waandaaji wa mashindano makubwa hawafichi habari hii. Mbio za wanaume za mwisho wa mashindano ya Kigali, ambazo Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, zilitangazwa mapema kuwa na kilomita 267.5 na mita 5,475 za kupanda, na makocha waliweza kuteua timu zao kwa kuitazama namba ya pili. Ukigawanya, unapata zaidi ya mita 20 za kupanda kwa kila kilomita moja. Waendeshaji 30 tu ndio waliofika mwisho, na hao waliobaki njiani walikuwa miongoni mwa watu wenye miguu bora duniani. Mgawanyo huo mwepesi unaweza kumsaidia hata mtu wa kawaida: kwa uzoefu wangu, njia yenye mita 5 kwa kilomita inapitika bila shida, yenye mita 10 inahitaji mazoezi na subira, na inayozidi 15 ni siku nzima ya kazi hata kama kilomita zake zinaonekana chache. Ikiwa mabingwa wanapewa habari hiyo wakiwa na madaktari na magari ya msaada nyuma yao, sioni kwa nini mwalimu au muuza duka anayetumia siku yake ya mapumziko kuendesha baiskeli anyimwe.

Mita za kupanda zina upande wa pili unaosahaulika zaidi, yaani mteremko. Safari inayoanzia na kuishia kwenye ukingo wa ziwa moja ina mita za kuteremka sawa na za kupanda, na mwili uliochoka ndio unaokabidhiwa breki. Kasi ikiongezeka maradufu, nishati inayopaswa kuzimwa na breki huwa mara nne, na hilo halimsamehe hata bingwa. Tarehe 15 Agosti 2020, katika mbio za Il Lombardia zinazopita kwenye vilima vya Ziwa Como nchini Italia, Remco Evenepoel wa Ubelgiji aligonga ukuta wa daraja akishuka kutoka mpando wa Muro di Sormano, akaanguka korongoni na kuvunjika nyonga. Alipona, na mwaka 2025 alishika nafasi ya pili nyuma ya Pogačar pale Kigali, lakini wengi wetu hatuna bahati wala matibabu ya namna hiyo. Kwenye barabara ya Kivu kona nyingi zimefichwa na kilima, na baada ya kona unaweza kukuta kijiji, watoto wanaotoka shule au baiskeli tatu za mizigo zikishuka taratibu. Breki zifanye kazi kabla ya kona, baiskeli ikiwa bado imenyooka, na zikamatwe kwa vipindi ili rimu au diski zipate kupoa. Wageni wanaotoka Tanzania, Kenya na Uganda wakumbuke pia kwamba Rwanda hupita mkono wa kulia, na mazoea ya mkono wa kushoto hurudi pale mtu anapochoka na kuacha kufikiri.

Kuna pia suala la mwanga. Karibu na ikweta jua halimngoji mtu, na Rubavu giza huanza kuingia muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni kwa saa za Rwanda, ambazo ziko nyuma ya saa za Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja. Mwendeshaji anayetaka kwenda Rubavu hadi Rusizi kwa siku moja, karibu kilomita 200 kwa jumla, hana budi kuhesabu mita za kupanda ili ajue kama saa kumi na mbili za mchana zitamtosha. Wengi hazitawatosha, na ni heri walale Karongi. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za mwishoni mwa mwaka, mara nyingi hupiga alasiri, wakati ule ule ambao aliyekosea hesabu bado yuko njiani na lami imelowa kwenye mteremko. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni ya Umuganda, kazi za pamoja za jamii, na barabara hazipitiki kwa uhuru hadi kazi hizo zimalizike. Aliyepanga kuanza safari saa mbili asubuhi siku hiyo amepoteza saa ambazo hawezi kuzifidia.

Najua pingamizi moja lenye haki. Vifaa vya kupima mita za kupanda havikubaliani: kinachotumia mgandamizo wa hewa hutoa namba moja, programu inayokisia kutoka kwenye ramani hutoa nyingine, na tofauti inaweza kupita asilimia 10, hasa mahali ambapo barabara imekatwa kwenye ubavu wa mlima na ramani inasoma kimo cha mlima badala ya kimo cha lami. Hilo si sababu ya kunyamaza. Andikeni "takriban mita 2,000", mtaje kama imepimwa njiani au imekisiwa kwenye ramani, na msomaji atajua la kufanya. Kosa la mita 200 ni dogo sana mbele ya ukimya kuhusu mita zote 2,000. Penye nafasi, mchoro mdogo wa miinuko ungefaa zaidi, kwa sababu unaonyesha jambo ambalo jumla peke yake hailionyeshi: kama mpando mgumu uko asubuhi, mtu akiwa na nguvu, au unamngoja kwenye kilomita kumi za mwisho.

Ombi langu kwa gazeti hili ni dogo na halina gharama. Kila mnapopokea tangazo au habari ya safari ya baiskeli katika nchi yenye vilima, muulizeni mwandaaji mita za kupanda, na mzichapishe kwenye sentensi ile ile yenye kilomita. Mwandaaji asiyejua namba hiyo huenda hajaipita njia yake mwenyewe kwa baiskeli, na msomaji anastahili kulijua hilo kabla ya kulipa ada. Namwomba pia mwandishi wenu wa michezo, ambaye habari zake za mashindano ya Kigali nilizisoma kwa furaha kubwa, aipitie barabara ya Rubavu hadi Karongi siku moja ya kiangazi, kati ya Juni na Agosti, aanze alfajiri, abebe maji ya kutosha kwa sababu ziwa linaonekana kila mahali lakini maji yake si ya kunywa bila kuchemshwa, kisha atuandikie vilima vyote kimoja kimoja, vikiwa na urefu na mwinamo wake, ili anayemfuata ajue vimebaki vingapi.

Wenu,

Msomaji na mwendesha baiskeli